Kesi ya Rosa bado haijasikilizwa

Mwaka 2025 riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka kwa Kiingereza, ikiwa imetafsiriwa na Jay Boss Rubin na kuchapishwa na Yale University Press ya Marekani. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50 tangu ichapishwe kwa Kiswahili jijini Nairobi mwaka 1971, na miaka mitano tangu mwandishi wake afariki dunia, Januari 2020. Wapenzi wa fasihi yetu wameipokea habari hiyo kwa furaha, nami nimefurahi pamoja nao. Kinachonisikitisha ni jinsi kitabu chenyewe kinavyozungumzwa. Wengi ninaowasikia wakikitaja huanzia pale pale: kwamba ndicho kile kilichopigwa marufuku mashuleni kwa ajili ya mambo ya ngono, na kwamba leo kimeshinda. Wanaokishangilia wanamsifu mwandishi kwa ujasiri wa kusema yasiyosemwa, na wanaokichukia wanauliza kama Kiswahili kilikosa riwaya nyingine ya kupeleka nje. Pande zote mbili zinabishania mwili wa Rosa, na hakuna upande unaotaja mahali hadithi inapoishia, yaani mbele ya Mungu.

Nashikilia kwamba Rosa Mistika ni kitabu cha dini. Sisemi kwamba ni kitabu cha ibada wala cha mafundisho ya Kanisa. Nasema kwamba maswali yanayokibeba tangu mwanzo hadi mwisho ni maswali ya imani: dhambi ni ya nani, nani ana haki ya kuhukumu, na je, huruma ya Mungu inaweza kumfikia mtu aliyekwisha kukataliwa na nyumba yake, mchumba wake na jamii yake? Msomaji asiyeyasikia maswali hayo atabaki na kisa cha msichana aliyeharibika, na kisa hicho kinapatikana kwa bei nafuu zaidi katika magazeti ya udaku. Kwamba tumeishi na kitabu hiki nusu karne bila kuyajadili maswali hayo hadharani kunaonyesha pengo kubwa katika usomaji wetu, kwa sababu Watanzania hatuna upungufu wa dini wala wa vitabu vinavyozungumzia roho. Tunachokosa ni mahali pa kuvizungumzia pamoja.

Tuanze na jina. Kila parokia ya Kikatoliki inaposali Rozari katika mwezi wa Oktoba hufuatisha litania ya Bikira Maria, yaani mfululizo wa majina yake ambayo waumini huyaitikia kwa sala, na katikati ya litania hiyo husikika maneno “Waridi lenye fumbo, utuombee.” Kwa Kilatini waridi hilo ndilo Rosa Mystica. Kezilahabi hakuliokota jina hilo barabarani. Alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na litania ile lazima aliisali mara nyingi kiasi cha kuijua kwa moyo. Kumpa jina la Bikira Maria msichana ambaye kijiji kizima kitakuja kumwita malaya ni tendo zito. Mtu anaweza kuliona kuwa kufuru. Anaweza pia kuliona kuwa sala, ombi kwamba fumbo lile lile linaloheshimiwa kanisani litambuliwe ndani ya binti wa mlevi wa Namagondo. Mimi naliona kuwa sala, na nitaeleza sababu.

Kisa kinajulikana na wengi, kwa hiyo sitakirefusha. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali. Anaikamata barua ya mapenzi aliyoandikiwa binti yake na kijana Charles, kisha anampiga kipigo cha kumtia hofu ya wanaume moja kwa moja. Rosa anakwenda shule akiwa na hofu hiyo, na hofu inapokuja kuvunjika inavunjika yote kwa mara moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha lolote zaidi ya kuogopa. Wanaume wenye vyeo na elimu wanamtumia. Anapojaribu kurudi katika maisha ya utulivu, Charles, ambaye sasa anataka kumwoa, anagundua kwamba si bikira na kumwacha. Rosa anajiua. Hapo riwaya nyingine ingefungwa, kwa sababu kaburi linatosha kumfunza msomaji kwamba uhuni una mwisho mbaya. Kezilahabi hakuifunga hapo. Anamchukua msomaji hadi ng’ambo ya kifo, ambako Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenziwe. Kesi iliyoamuliwa duniani kwa dakika chache, kwa ushahidi wa ubikira uliopotea, inafunguliwa upya mbele ya hakimu asiyehongeka, na safari hii hata mzazi ni mshtakiwa.

Niliisoma riwaya hii nikiwa kidato cha nne, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, lakini tulipofika mwisho alituambia tusihangaike na sehemu ya mbinguni, kwani haiulizwi kwenye mtihani. Tukaandika kwenye madaftari: dhamira ya kwanza, malezi, dhamira ya pili, nafasi ya mwanamke katika jamii, dhamira ya tatu, ulevi. Miaka mingi ilipita kabla sijairudia sehemu ile peke yangu usiku mmoja na kuelewa kwamba tulikuwa tumesoma mashtaka na kuiacha hukumu.

Simlaumu mwalimu yule. Utaratibu wa fani na maudhui unamtaka mwanafunzi ataje dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, na kwa mambo mengi utaratibu huo ni msaada mkubwa. Udhaifu wake hujitokeza kitabu kinapoigusa imani, kwa sababu Mungu akiingia katika jedwali la maudhui anageuka kuwa mojawapo ya mawili: ama “nafasi ya dini katika jamii”, kana kwamba dini ni sawa na barabara au zahanati, ama “imani potofu”, inayopaswa kukosolewa. Nafasi ya tatu haipo, ile ya msomaji kuulizwa yeye mwenyewe angetoa hukumu gani na kwa msingi gani. Maudhui ya malezi ni ya kweli, nami siyakanushi. Zakaria amelea vibaya. Ila malezi ni jambo la ustawi wa jamii, linalotaka ushauri na semina. Dhambi ni jambo jingine. Kuligeuza la pili kuwa la kwanza ni kumpunguza Rosa, kwani kunamfanya awe tokeo la makosa ya baba yake, wakati mwandishi amemsimamisha mbele ya Mungu kama nafsi inayoweza kujieleza.

Jambo hili linanihangaisha zaidi ninapofikiria ratiba ya shule zetu. Kipindi cha dini kinapofika, darasa hugawanyika. Wengine huelekea kwenye Elimu ya Dini ya Kiislamu, wengine kwenye Maarifa ya Biblia, na kila kundi husoma maandiko yake na mwalimu wake. Mgawanyo huo una sababu njema, nami sipendekezi uondolewe. Baada ya hapo watoto hurudi chumba kimoja kwa ajili ya somo la Kiswahili, na mbele yao wote huwekwa kitabu kile kile. Maana yake ni kwamba somo la fasihi ndilo mahali pekee katika shule ya umma ambapo Mariamu na Maria wanaweza kusoma pamoja hadithi inayomhusu Mungu na kuulizana kila mmoja ameelewa nini. Tumekifanyia nini chumba hicho? Tumeingia na kalamu nyekundu na kuifuta sehemu ambayo ingewafanya wazungumze.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito, na wazito zaidi ni walezi. Hoja yao ni kwamba kitabu chenye mapenzi ya kiholela na kujiua hakifai kupewa kijana wa miaka 15, hata kama mwisho wake uko mbinguni, kwa sababu kijana hukumbuka tendo kabla ya kukumbuka maana. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Mwalimu anayeingia na riwaya hii darasani bila kujua ni mwanafunzi gani anapitia nini nyumbani kwao anafanya uzembe, hasa kuhusu kifo cha Rosa. Kuna umri wa kitabu hiki, na unahitaji mtu mzima kando ya msomaji. Lakini walezi wafikirie pia kwamba maandiko yanayoheshimiwa hayakukaa mbali na mambo haya. Sura ya Yusuf katika Qurani, inayojiita simulizi nzuri kuliko zote, inaeleza jinsi mke wa bwana wake alivyofunga milango na kumtaka kijana. Kitabu cha pili cha Samweli kinaeleza jinsi Daudi alivyomchukua Bathsheba na kupanga kifo cha mumewe. Augustino wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Algeria, alijaza Maungamo yake kumbukumbu za tamaa ya mwili, na alikiri kwamba alimwomba Mungu usafi huku akitamani ombi hilo lisijibiwe upesi. Kinachofanya simulizi hizo zisiwe uchafu ni kwamba zinasimuliwa mbele ya Mungu. Kezilahabi ameiweka hadithi yake mahali hapo hapo, na anastahili kusomwa kwa kipimo hicho.

Hoja ya pili hutoka kwa wahakiki. Wanasema Kezilahabi alikuwa mdhanaishi, yaani mfuasi wa falsafa inayosema kwamba maisha hayana maana iliyowekwa tayari. Kwamba riwaya yake Kichwamaji ya 1974 inaonyesha mtu asiyeona maana katika maisha. Kwamba katika riwaya zake Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 dini zilizozoeleka zinavunjwavunjwa. Na kwamba kumwita mwandishi wa aina hiyo mwandishi wa dini ni kumvisha joho alilolivua mwenyewe. Naiheshimu hoja hii kwa sababu imetoka kwa watu waliosoma. Hata hivyo inadhani kwamba mtu akianza kushuku amekwisha kutoka nje ya dini, na hilo si kweli katika dini yoyote ninayoijua. Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na nyingi kati ya hizo ni malalamiko ya mtu anayemtaka Mungu aje ajieleze. Imamu Ghazali, aliyeacha kufundisha katika madrasa kubwa ya Baghdad mwaka 1095, aliandika baadaye kwamba aliwahi kupitia kipindi cha karibu miezi miwili ambacho hakuweza kuamini lolote, na Waislamu hawakumtoa katika orodha ya wanavyuoni wao kwa kukiri hivyo. Nagona na Mzingile ni safari za mtu anayetafuta ukweli baada ya majibu ya zamani kumwishia mkononi. Mtu asiyejali mambo ya roho hasafiri kiasi hicho. Kama Kezilahabi alimaliza maisha yake akiwa anaamini au haamini ni siri yake na Muumba wake, lakini vitabu vyake haviachi kuuliza, na kuuliza kwake kunatumia msamiati wa seminari tangu riwaya ya kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa mara nyingi zaidi: kwamba kujadili vitabu vya dini mbele ya watu wa dini tofauti huleta chuki, na kwa hiyo busara ni kila mtu asome chake kimya kimya. Wanaoisema hutoa mfano wa mihadhara iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, ambapo wahubiri wa pande mbili walisimama viwanjani na vipaza sauti wakinukuliana Biblia na Qurani. Ni kweli kwamba baadhi ya mikutano hiyo iliacha majeraha. Lakini tazama kilichokuwa kikifanyika pale. Mhubiri alikuja na aya aliyoikata kutoka katika sura yake, akaitupa kama jiwe, na umati ukampigia makofi kwa kulenga vizuri. Hakuna aliyekaa na kitabu kizima, wala aliyekiri mbele ya watu kwamba mahali fulani haelewi. Kuutumia mfano wa mihadhara kupinga majadiliano ya vitabu ni sawa na kuutumia ugomvi wa sokoni kupinga biashara. Isitoshe, ukimya unaopendekezwa haujazaa amani yoyote. Umezaa watu wanaojua dini ya jirani kwa tetesi tu, na mtu wa aina hiyo ndiye anayewaka haraka mwenye kipaza sauti anapopita.

Historia ya Kiswahili chenyewe inaikanusha hoja hiyo. Mwaka 1923 Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, alichapisha tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili, akiwa na makusudi ya kimisionari. Waislamu hawakunyamaza. Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya, jumuiya ambayo Waislamu wengi hawaikubali, alitoa tafsiri yake mwaka 1953, na katika maelezo yake alimjibu Dale. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, ambaye hakuridhika na Dale wala na Ahmadiyya, alikamilisha Qurani Takatifu mwaka 1969 na kuwajibu katika maelezo yake pia. Yalikuwa majibizano makali, tena ya watu waliotofautiana juu ya mambo ya msingi kabisa. Hata hivyo yalifanyika kwa maandishi, aya baada ya aya, kila mmoja akilazimika kusoma alichoandika mwenziwe kabla ya kukikosoa, na matunda yake ni kwamba Kiswahili kilipata lugha ya kuijadili Qurani kwa undani. Mathias Mnyampala, Mkatoliki kutoka Ugogo, alichukua bahari ya utenzi, yaani aina ya ushairi iliyolelewa kwa karne nyingi na washairi Waislamu wa pwani, akaitungia Injili na Zaburi. Hakuna aliyemwita mwizi. Mipaka ya imani ilikuwapo na kila mtu aliijua, ila mlango ulikuwa wazi.

Nyuma ya wote hao kuna Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, na hapa naomba kukaa kidogo, kwa sababu naona ndilo shairi linalotufundisha namna ya kumsoma Rosa. Sayyid Abdalla aliishi katika mji uliowahi kutajirika kisha ukaanguka. Anapita kati ya majumba ya wakubwa waliokufa: vidaka vilivyopangwa sahani za thamani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege, na bundi wanakoroma mle mlimokuwa na taa na wageni. Angeweza kuwanyoshea kidole matajiri wale, nasi tungekubaliana naye. Hakufanya hivyo. Anauuliza moyo wake mwenyewe: “Moyo wangu nini huitabiri,” yaani kwa nini huzingatii, na anaendelea kuubana moyo huo hadi kwenye moto wa akhera, ambako anazitaja jahanamu kwa majina yake. Hakuna mshtakiwa mwingine katika shairi zima isipokuwa yule anayezungumza. Wazee waliolisikiliza likighanwa walijua kwamba halikuwa habari ya Pate tu. Kila mmoja alilisikia akiwa na moyo wake kifuani.

Sehemu ya mwisho ya Rosa Mistika inamtaka msomaji afanye vivyo hivyo. Katika kitabu kizima tumealikwa kumhukumu Rosa, na wengi wetu tumefanya hivyo kwa raha. Tukifika mbele ya Mungu tunakuta kiti cha hakimu kina mwenyewe, na tulichobakiwa nacho ni nafasi kando ya Zakaria, pamoja na Charles aliyedai ubikira, wakubwa waliomtumia Rosa na majirani waliomcheka. Msomaji Mwislamu hahitaji kuikubali litania ya Bikira Maria ili aelewe hesabu hiyo. Ameifunzwa tangu madrasa kwa majina mengine. Msomaji Mkristo akiisoma Al-Inkishafi atakutana na majivuno yake mwenyewe, ingawa majina ya moto yatakuwa mageni kwake. Hapo ndipo mazungumzo yanapowezekana bila mtu kumtaka mwenziwe abadili dini.

Haya yana matokeo kwa watu kadhaa. Watunzi wa mitihani wakiuliza kuhusu riwaya hii waache mara moja moja kuuliza “jadili malezi” na wamtake mtahiniwa apime madai ya Rosa na ya Zakaria mbele ya Mungu, aseme nani ameeleweka na kwa nini. Swali hilo linapimika kwa ushahidi wa matini kama swali lingine lolote. Wachapishaji wetu wajue kwamba msomaji wa Kiingereza sasa anapata kitabu hiki katika toleo jipya na zuri, na msomaji wa Mwanza au Tanga anastahili toleo la Kiswahili lenye utangulizi unaoeleza litania, seminari na historia ya marufuku. Vilabu vya usomaji vinavyoanzishwa na vijana mijini, ambavyo mara nyingi huchagua vitabu vya mafanikio na fedha, vinaweza kuiweka Al-Inkishafi mwezi mmoja na Rosa Mistika mwezi unaofuata, na kumwalika sheikh na padri waje kama wasomaji, wakae kwenye viti vya kawaida na kuonyesha mistari iliyowasumbua. Na mwalimu wa kidato cha nne ambaye anakaribia kurasa za mwisho wiki hii namwomba jambo moja tu: afunge daftari la dhamira kwa kipindi kimoja, awape wanafunzi wawili sauti ya baba na ya binti, na darasa zima lisikilize kesi hiyo ikisomwa hadi mwisho.